Ramu Niliyoitupa Ziwani

Ndugu msomaji, kwanza unisamehe. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia za mawe za kwetu, na herufi r na l hunichanganya hata leo, maana nyumbani tulizitamka kama moja. Shule yangu iliishia darasa la saba. Naandika polepole. Nikikosea nakata, naanza upya, na penye kukatwakatwa sana ujue hapo niliogopa. Nimejitahidi yasomeke.

Kilichonikumbusha haya ni harufu. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Buswelu alichomeka birika la umeme kwenye soketi mbovu, ikatoka harufu ya plastiki inayoungua, ile inayokaa kooni kama umemeza sarafu. Wenzangu walikimbilia swichi. Mimi nilibaki nimesimama na ufagio mkononi, nikamtafuta kwa macho shangazi yangu. Shangazi tulimzika kabla ya mvua hizi kuanza. Nilijua hayupo, lakini macho yalimtafuta tu, kama yalivyomtafuta siku ile nikiwa darasa la nne.

Shangazi Kabula, dada yake baba, alikuwa na steshenari ya chumba kimoja Butimba, kwenye njia wanayopita wanachuo wa ualimu. Ndani kulikuwa na mashine ya fotokopi iliyopumua kwa kelele, meza moja, benchi la wateja, na kompyuta ya sanduku kubwa iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufumwa kila jioni. Kazi zote zilitegemea kompyuta ile. Barua za maombi, kadi za harusi, ratiba za mazishi, ripoti za wanachuo, zote zilipita kwenye vidole vya Shangazi na kwenye kioo kile.

Nilifika kwake kutoka Sengerema, ng'ambo ya maji, baada ya mama kufa. Baba alikuwa mvuvi. Alikaa kambini wiki mbili, hata tatu, na mimi nilikuwa nakula na kulala kwa zamu: leo kwa jirani huyu, kesho kwa yule. Hakuna aliyeninyima chakula, nisiwasingizie watu. Lakini nilijifunza kuingia nyumba za watu bila kutoa sauti, kukaa karibu na mlango, na kujibu "ee" kwa kila nililoulizwa. Ee haimuudhi mtu. Umeshiba? Ee. Hujashiba? Ee. Nilikuwa nimeona kwamba mtoto anayesema hapana hukumbukwa, na mtoto anayekula kwa watu hatakiwi kukumbukwa sana.

Tabia hiyo nilikuja nayo Butimba. Mteja akiingia, nilijificha nyuma ya fotokopi, nikiacha miguu tu ionekane. Siku moja Shangazi alikuwa nje, akaja mama mmoja kuuliza kama tuna karatasi ngumu za rangi. Nikasema ee. Hazikuwepo. Yule mama alikaa kwenye benchi akisubiri mpaka Shangazi aliporudi, akaondoka akisonya. Shangazi akanigeukia.

"Hivi wewe, mdomo uliuacha Sengerema?"

"Ee."

Wanachuo waliokuwa pale walicheka mpaka mmoja akaangusha daftari. Shangazi hakucheka.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi, kipindi ambacho wanachuo wanarudi kutoka mazoezi ya kufundisha, kila mmoja na ripoti yake mkononi anataka ichapwe. Kompyuta ilikuwa imeanza kuchoka. Ukiipa kazi mbili inaganda, kile kimshale cha kwenye kioo kinakwama, na Shangazi anaipiga ubavuni kwa kiganja kama mtu anayemwamsha mlevi. Asubuhi ile, kabla wateja hawajaja, alikuwa akiandika kitu chake mwenyewe. Nilijua kwa sauti ya vitufe. Kazi za watu alizigonga haraka bila kutazama. Hiki alikigonga kidole kimoja kimoja, akisimama, akivuta pumzi. Kisha kioo kikaganda. Akasonya, akatoka kwenda kuongea na mwenye nyumba.

Mimi nilikuwa nafagia chini ya meza. Nikainua macho.

Nilikuwa nasoma polepole, neno kwa neno, midomo ikichezacheza. *Kaka, shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri huko. Mimi nimechoka. Siwezi kuendelea hivi na huyu mtoto. Naomba shule zikifungwa uje*

Hapo ndipo kioo kilipoishia. Chini yake kulikuwa na maneno mengine, nilijua, maana nilimwona akiandika muda mrefu. Lakini mashine ilikuwa imeganda, na hata kama isingeganda, nisingethubutu kuigusa. Nilisoma mstari ule mara tatu. Akilini niliona tena mkeka wa kila nyumba niliyolala kwa zamu. Nikaendelea kufagia mahali pale pale pasipo na uchafu.

Shangazi aliporudi, mashine ilikuwa inalia, pii, pii, pii. Akaizima kwa hasira, akafungua ubavu wa sanduku kama alivyomwona fundi akifanya, akaingiza mkono, akachomoa kibao chembamba cha kijani, kirefu kama kiganja cha mtu mzima, chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja kama chanuo.

"Hii ndiyo ramu," akaniambia. Alikuwa na kawaida ya kunieleza mambo ya mashine, hata kama sijibu. "Kila unachokiona pale kwenye kioo, kwa wakati ule, kinashikwa na hii. Ikichoka, kioo kinaganda. Sasa wewe utanisaidia. Siwezi kufunga leo, hawa watu watanila mzima."

Alinituma mjini kwa Fundi Masanja. Masanja alikuwa na meza kwenye kibaraza cha jengo moja la maduka, amejaza vifaa vya kompyuta vya mitumba, na alikuwa na sharti moja ambalo mji mzima ulilijua. Hauzi kifaa mpaka umletee ulichonacho. "Cha zamani kwanza," ndiyo ilikuwa salamu yake. Unakiweka kwenye kitambaa chake cheusi, yeye anakilaza cha kwako na cha kwake ubavu kwa ubavu, anahesabu, anageuza, anasoma maandishi, ndipo anasema ndiyo au hapana. Vifaa vingi vinafanana kwa macho, alisema, lakini mashine haidanganyiki.

Shangazi aliifunga ramu kwenye kipande cha khanga, akanipa na pesa. "Mpe hii. Mwambie nataka inayoendana na hii, ila kubwa zaidi. Inayoendana. Ukirudi na isiyoendana tumekwisha. Umesikia?"

"Ee."

"Nimesema nini?"

"Inayoendana."

Wewe msomaji labda umeshaona nilichokuwa nafikiri. Mimi nilikuwa nimesikia jambo moja tu katika yale yote: kila unachokiona kwenye kioo kinashikwa na hii. Na mimi kwenye kioo nilikuwa nimeona barua. Basi barua nilikuwa nimeishika mimi, kwenye kiganja changu, imefungwa khanga. Kule kwenye sanduku haikuwepo tena.

Nilitakiwa kupanda gari, lakini niliogopa kumwambia konda nashukia wapi, kwa hiyo nilitembea. Ni mwendo mrefu kwa miguu ya mtoto. Nilipofika Mkuyuni niliacha barabara, nikashuka mpaka majini, nyuma ya mawe ambako akina mama walikuwa wameanika dagaa kwenye nyavu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikaa juu ya jiwe, nikafungua khanga, nikaanza kuitafuta barua.

Ramu ilikuwa na karatasi nyeupe ndogo iliyobandikwa, yenye maandishi ya kiwandani. Nilidhani ndiyo sehemu ya kusomea. Nilitafuta jina langu. Nilitafuta neno "kaka". Nikasoma kila herufi na kila namba, moja moja, kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, nikifikiri pengine imeandikwa kwa namna ya watu wazima. Nikageuza, nikahesabu vile vipande vyeusi vilivyobandikwa: nane upande huu, nane upande ule. Nikapitisha ukucha kwenye meno ya dhahabu mpaka kwenye pengo lililokatwa kati yake. Sikuona barua, na kutoiona kulinitia hofu zaidi. Nilijua Masanja ana macho ya kuona vilivyomo. Ndiyo maana anataka cha zamani kwanza. Angeilaza kwenye kitambaa chake cheusi, mbele ya watu, aisome kwa sauti. *Siwezi kuendelea hivi na huyu mtoto.* Kisha angemrudishia Shangazi, naye angeitoa barua, ampe mtu anayevuka na kivuko, na shule zikifungwa baba angekuja.

Niliirusha. Haikuruka mbali, ilianguka tub, karibu na mtumbwi uliofungwa, na maji yakaifunika.

Nilidhani nitapumua. Badala yake nikawaza jambo lililonifanya nikae chini tena: ziwa ni lile lile. Maji haya ndiyo yanayofika Sengerema. Baba anatega nyavu humu humu. Nilimwona akivuta wavu, akikuta kibao cha kijani kati ya sangara, akikisoma.

Nilifika kwa Masanja mchana, miguu imejaa vumbi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye jezi ya mpira na bisibisi sikioni kama kalamu. Watu kama watano walizunguka meza, na mzee mmoja mnene alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri kompyuta mpakato yake.

"Shikamoo," nikasema chini chini.

"Marahaba. Ah, binti wa Dada Kabula! Cha zamani kwanza."

Nikatazama chini.

"Cha zamani, mama. Kiko wapi?"

"Kimebaki nyumbani."

"Basi rudi ukilete."

Sikuondoka. Sikuwa na pa kurudi. Nilisimama pale pale machozi yanadondoka kwenye vidole vya miguu, na yule mzee mnene akasema, "Masanja, mteja wako anaongea na viatu vyake. Hata viatu hana." Watu wakacheka.

"Mwacheni mtoto," Masanja akasema. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Sikiliza. Dada yako… shangazi yako anataka ramu, siyo?"

"Ee."

"Kubwa zaidi?"

"Ee."

Akachukua kibao kimoja, akakiinua. "Ziko za namba mbili na za namba tatu. Urefu ni mmoja, rangi ni moja, ila pengo la meno haliko mahali pamoja, na umeme wake ni tofauti. Sasa, ya kwenu pengo lake liko hivi, limesogea pembeni kama hii?"

Nilitazama. Haikuwa hivyo. Yetu pengo lake lilikuwa karibu na katikati, ukucha wangu ulikuwa umelipitia nusu saa nzima. Nilijua kabisa. Lakini alikuwa mtu mzima, ameinama kwa heshima mbele ya watu, na nilikuwa nimeshampotezea muda. Kwetu mtoto hamwambii mtu mzima hapana, wewe umekosea.

"Ee."

"Una hakika?"

"Ee."

Akasita. Akatazama foleni, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Leo tu ninavunja sharti. Asije akasema nimemwangusha kwenye kazi za wanachuo." Akaifunga kwenye gazeti.

Njia ya kurudi nilitembea na ile ramu isiyoendana kama mtu anayebeba yai bovu. Nilijua nilichobeba. Hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu kwa uwazi: sikukosea kwa kutojua. Nilijua, nikaogopa kusema.

"Cha zamani kiko wapi?" Shangazi akaniuliza niliporudi.

"Fundi amebaki nacho."

"Amebaki nacho cha nini? Haya." Hakuwa na muda. Benchi lilikuwa limejaa. Mwanachuo mmoja mrefu alikuwa amesimama mlangoni na ripoti yake, anatakiwa kuikabidhi Jumatatu. Shangazi akapiga magoti mbele ya sanduku, akaiweka ramu. Ikakataa. Akaigeuza, ikakataa. Mimi nilikuwa nyuma ya fotokopi nimeshika waya wake kwa mikono miwili.

"Madamu, haiingii hiyo," mwanachuo akasema.

"Kitu kipya lazima kibane," Shangazi akajibu. "Kiatu kipya hakikubani?" Akaweka viganja vyote viwili, akakandamiza kwa uzito wa mwili. Ikalia kah. Upande mmoja uliingia.

Nilitakiwa kusema hapo. Neno moja. Nilifungua mdomo, naapa, nilifungua, nikahisi hewa ikiingia na kutoka, na hakuna kilichotoka nayo.

Akawasha.

Haukuwa mlio mkubwa. Ilikuwa kama mtu kavunja kijiti kikavu. Kisha moshi mwembamba ukatoka kwenye tundu za sanduku, na ile harufu.

"Jamani, mashine inavuta sigara!" mtu akasema kwenye benchi, na mwingine akacheka, kisha wote wakanyamaza kwa sababu Shangazi alikuwa amechomoa waya na kukaa sakafuni, miguu mbele, kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Ripoti za watu zilikuwa mle. Nusu zimechapwa, nusu bado. Yule mwanachuo mrefu alikuwa anarudia maneno mawili tu, "Jumatatu, Madamu. Jumatatu."

Shangazi aliichomoa ramu. Meno kadhaa ya dhahabu yalikuwa meusi. Akasimama taratibu. "Masanja," akasema. "Masanja ameniua."

Akafunga chumba mchana kweupe, akanishika mkono, tukaenda mjini. Alinishika kwa nguvu ya mtu anayeogopa kupotelewa, na mimi nilihesabu nguzo za umeme nikiomba zisiishe. Nilijua tukifika mambo mawili yatatokea. Fundi atasema ukweli, nami nitaonekana mwongo. Au fundi ataaibishwa kwa kosa langu, nami nitanyamaza. Katika yote mawili, barua haikuhitajika tena. Angenirudisha Sengerema kwa mkono ule ule alionishika nao.

Alianza kupiga kelele kabla hatujafika mezani. "Masanja! Umeniuzia nini wewe? Miaka yote naleta wateja kwako, leo unanichomea mashine?"

Watu waligeuka. Yule mzee mnene bado alikuwepo, na nilimwona akivuta kompyuta mpakato yake kutoka mezani, akaiweka mapajani. Mama mmoja aliyekuwa anachagua chaji akairudisha. "Kumbe anauza vya kuunguza," akamwambia mwenzake, siyo kwa sauti ya chini.

Masanja aliipokea ramu, akatazama meno meusi. Uso wake ulibadilika. "Dada Kabula, hii ni namba tatu. Mashine yako ni namba mbili?"

"Mimi nitajuaje? Si nilikuletea ya zamani uilinganishe!"

"Ya zamani mimi sikuiona. Mtoto alisema imebaki nyumbani."

"Kaniambia wewe umebaki nayo!"

Wote wakanitazama. Nakumbuka kwamba kibaraza kilikuwa na mfereji mdogo wa maji machafu, na nilifikiri kama ningekuwa mdogo zaidi ningeingia mle. Masanja hakuwa na hasira na mimi. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa ananitazama kama mtu anayezama anavyotazama kamba.

"Niliitupa," nikasema.

"Umesema?"

"Niliitupa ziwani."

Kicheko kilichotoka pale nakisikia hadi leo. "Ramu imekwenda kuvua!" mzee mnene akasema. Shangazi peke yake hakucheka. Aliuacha mkono wangu. Nilihisi baridi pale vidole vyake vilipokuwa.

"Kwa nini?"

Nikautazama ule mfereji. Masanja akainua mkono watu watulie. "Dada, hilo la kwa nini mtaulizana nyumbani. Sasa hivi mimi sina cha kulinganishia. Mashine hizi za mitumba hazifanani. Nikikupa ya kubahatisha tena, itachoma na kilichobaki. Mpaka niende na kufungua, na hata hapo…"

"Pi, si," nikasema.

"Nini?"

"Imeandikwa herufi P na C. Halafu mbili. Halafu kistari. Halafu sita, nne, sifuri, sifuri. Halafu U." Nilisema huku natazama kile kitambaa cheusi. Ilikuwa inasomeka mbele yangu kama nilivyoisoma juu ya jiwe. Nikaendelea na namba zilizofuata, zote, polepole, mpaka ile ya mwisho. "Mwanzoni kuna moja, G na B. Vipande vyeusi nane huku, nane huku."

Hakuna aliyecheka sasa.

Masanja akachomoa bisibisi sikioni akidhani ni kalamu, akairudisha, akaandika kwa kalamu ya mtu kwenye kiganja chake. "Mbili? Siyo tatu? Mchana uliniambia pengo liko pembeni. Ilikuwa tatu, siyo?"

Pale pale ee ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nilihisi ladha yake.

"Hapana," nikasema. "Siyo tatu. Ni mbili. Pengo liko karibu na katikati. Nilikudanganya."

Alitafuta kwenye boksi lake, akatoa vibao kadhaa, akaviinua kimoja kimoja. Kwa kila kimoja alinitazama. Hapana. Hapana. Nilisema hapana tatu mfululizo, mimi. Cha nne kilikuwa na pengo lile. Akasoma maandishi yake, akasoma kiganja chake. "Hii ni kubwa mara mbili, lakini ukoo ni mmoja," akasema. Akamgeukia yule mama wa chaji. "Umeona? Haya, chukua chaji yako." Kisha akabeba mfuko wa vifaa, akaja nasi.

Tulipofika Butimba jua lilikuwa halijazama. Masanja alilala ubavu mbele ya sanduku akiwa na tochi ya simu mdomoni. Nafasi moja ya ramu ilikuwa imeungua kabisa. Akaisafisha, akaipa pole kwa Kisukuma, akajaribu nafasi ya pili. Ramu iliingia bila kusukumwa. Ilisema tik, kimya kimya, kama mlango unaojua fremu yake. Alipowasha, sote watatu tulirudi nyuma hatua moja.

Kioo kikawaka. Shangazi akafunika uso kwa mikono.

"Tuone kama faili zipo," Masanja akasema, akafungua lile la mwisho kutumika.

*Kaka, shikamoo.*

Barua ilikuwa pale. Nzima, kavu, kila neno mahali pake. Kumbe Shangazi alikuwa ameihifadhi kabla mashine haijaganda, haikuwahi kwenda ziwani. Nilichokitupa kilikuwa kibao tu. Nafikiri nilitoa sauti, kwa sababu Masanja alinigeukia, kisha akasoma mstari mmoja kwenye kioo, akainuka haraka akikung'uta magoti. "Hii ya nyumbani," akasema. "Mimi naenda. Mwanachuo mwambieni ripoti yake ipo."

Tukabaki wawili. Shangazi alitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama sanduku, na niliona uso wake ukilipata jambo polepole, kama mimi ninavyosoma.

"Uliisoma."

"Ee… Nilisoma juu. Chini sikuona."

"Soma yote. Kwa sauti."

Alisogeza ukurasa kwa ajili yangu. Nilisoma. Aliomba kweli baba aje anichukue. Sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa vinginevyo, kwamba chini kulikuwa na maneno matamu. Aliandika: *Siyo kwamba ni mtoto mbaya. Haongei. Ukimuuliza chochote anasema ee. Sijui ana njaa lini, anaumwa lini, analia kwa nini. Naogopa siku moja atakufa na jambo lake tumboni, na mimi nitakuwa nimelala pembeni yake. Sina uwezo wa kulea mtu nisiyemjua.* Kisha jina lake.

Nilipomaliza nikamgeukia. Nikamuuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza katika nyumba ile.

"Shangazi, utaituma?"

"Sijui," akasema. Alikaa kwenye benchi la wateja, si kwenye kiti chake. "Sijui. Kwanza nijibu wewe. Unataka kukaa hapa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Si baba, si majirani wa zamu, hata wakati nilipovushwa na kivuko na begi la mama.

"Ee."

"Siyo ee." Akalinyooshea sanduku kidole. "Ee yako ndiyo iliyochoma mashine. Kule kwa Masanja ulisema hapana, nimekusikia kwa masikio yangu. Sasa niambie na hili, kama unavyojua. Ukitaka kurudi kwa baba yako sema unataka kurudi. Sitakasirika. Lakini nisikie."

Niliogopa kuliko wakati wa moshi. Nikishasema ninachokitaka, mtu anaweza kuninyima.

"Nataka kukaa hapa," nikasema. "Nataka kukaa na wewe, Shangazi. Sitaki kurudi. Na nina njaa."

Shangazi akainuka, akaifunga barua bila kuifuta, akafungua ripoti ya yule mwanachuo mrefu, akanipa karatasi alizoziandika kwa mkono, akavuta kiti cha pili mezani. "Kaa hapa ubavuni kwangu," akasema. "Unisomee alichoandika, mimi nichape. Tukimaliza ukurasa huu tunakula."

Sijui kama barua ile ilitumwa. Sikumuuliza tena, na sasa hayupo wa kuulizwa. Ninachojua ni kwamba shule zilifungwa, zikafunguliwa, na baba hakuja.

Msomaji, wewe ambaye una miaka kama yangu, na ambaye pengine pia ulilelewa kwenye nyumba isiyokuwa yenu: niandikie. Nieleze kama kuna mtu aliyewahi kukuuliza unataka kukaa wapi, na ulimjibu nini.